Fimbo Kumi na Mbili na Kamba Moja

Scottsboro, Alabama
9 Januari 1995

Shemeji Dewey,

Salamu zangu leo ni fupi, utanisamehe. Nimekupigia simu mara nne kwenye hiyo nyumba uliyopanga chumba, na kila mara mama mwenye nyumba ananiambia umetoka. Mara ya mwisho nilikusikia ukikohoa nyuma yake. Kikohozi chako nakijua mwaka wa kumi na nane huu, tangu uliposimama na Hollis siku ya harusi yetu. Basi naandika, maana barua huwezi kuikata katikati.

Ni Leanne. Tangu tumzike baba yake mwezi wa kumi na moja, hali chakula. Sisemi amepunguza, hali. Wanawake wa kanisani wameleta viazi vya kuoka na jibini mpaka jokofu halifungiki, na yeye anakaa mezani kwa heshima, anasogeza sogeza uma, kisha ananiomba ruhusa ya kuinuka. Daktari amempima, amepungua ratili ishirini na mbili. Suruali anaifunga kwa kamba ya kiatu. Shule alirudi wiki mbili akaacha, na mimi ninayepakua chakula cha watoto wa shule hiyo hiyo kila mchana siwezi kumlisha wa kwangu.

Askari wa ziwa walirudisha boti kabla ya Krismasi. Nimeiweka kwenye banda la gari. Anashinda humo, amekaa kwenye sitaha ya mbele, na zile fimbo za kuvulia kumi na mbili zimemzunguka.

Jumapili ndipo aliponiambia. Unajua Hollis alimwahidi kwamba akitimiza miaka kumi na sita atakuwa mwenzake kwenye mashindano ya mwisho ya mwaka ya chama cha wavuvi. Ikafika Alhamisi akamwambia samahani, nakwenda na Dewey. Ijumaa Leanne akagoma kuzipanga fimbo. Alizipanga yeye tangu ana miaka tisa, Dewey, hakukosa hata shindano moja. Jumamosi alfajiri baba yake alipotoka na kahawa yake, akamwambia dirishani: "Nenda na Dewey wako. Na usirudi."

Sasa sikiliza anachoamini. Karatasi ya askari inasema: dereva hakuwa amejifunga ile kamba ya kuzimia injini mtu akianguka, aliporushwa majini injini iliendelea, boti ikajizungusha ikamgonga. Na chini yake wameandika maneno yako: "Aliivua mwenyewe."

Hollis huyo! Aliyemshusha mchungaji wetu gatini kwa sababu alicheka kuona anajifunga kamba kabla hata ya kuondoka. Leanne anasema mtu wa namna hiyo haivui kwa kusahau. Na tangu kiwanda cha soksi kilipofungwa Septemba, Hollis alikuwa amenyamaza nyamaza, hilo hata wewe uliliona. Kanisani hakuna anayelisema mbele yangu, ila sauti zinashuka nikipita. Mwanangu anaamini baba yake alijivua kamba kwa kuwa yeye alimwambia asirudi.

Swali langu ni moja. Nani aliivua hiyo kamba, na kwa nini? Mlikuwa wawili tu kwenye boti. Hata kama ni jambo baya, niambie. Mmoja nimeshampoteza. Huyu wa pili naona anaondoka nikimtazama.

Glenda

*

Morgan City, Louisiana
21 Januari 1995

Shemeji Glenda,

Barua yako imefika. Nimeisoma kwenye gari nje ya karakana, halafu nikachelewa kazini, na msimamizi wetu ni mtu asiyejua neno "pole".

Nasikitika sana kuhusu Leanne. Kama anashinda na hizo fimbo, angalau mwambie mambo mawili matatu, asije akaziharibu. Alegeze uzi kwenye mashine zote za kukunjia uzi, ukikaa umekazwa majira yote ya baridi unakatika wakati wa machipuko. Ndoana azitoe. Na asikae pale sitahani bila viatu, lile zulia linameza ndoana ukazisahau mpaka zikukumbushe.

Yeye anajua kuzipanga kuliko sisi sote. Sita za Hollis kushoto, sita za mwenzake kulia. Mashine zipishane kama matofali ya ukuta, mkono wa moja usiingie kwenye nyingine. Utakayoitumia kwanza iwe juu. Ncha zote ndani ya soksi zake, halafu mkanda unapita juu na kifungo kinatazama ndani. Nakumbuka alipoanza. Hollis alileta mirija ya soksi zilizokataliwa kiwandani, Leanne akaikata vipande, akashona mwisho, akaivalisha kila fimbo rangi yake. Watu wa chama wakamcheka Hollis gatini: "Hee, Pruitt, fimbo zako zinaona baridi?" Mwaka uliofuata wote walikuwa wanamwomba awashonee. Mimi alinipa za waridi, kwa makusudi. Nilipolalamika akaniambia, "Anko Dewey, samaki hawajali, nawe hujawahi kuwakaribia vya kutosha wakaziona."

Kuhusu siku ile, shemeji, mambo yalienda haraka. Upepo ulikuwa wa kusini, na tagi moja ilikuwa inasukuma matishari kumi na tano, yale majahazi bapa ya shehena, kupanda mto unaopita ziwani. Mengine hata mimi siyakumbuki sawasawa. Hollis alikuwa mzima na mchangamfu. Hilo mwambie Leanne, kwamba mimi Dewey nimesema alikuwa mchangamfu.

Mungu awatunze. Huku mvua haikatiki.

Dewey Ragsdale

*

Scottsboro
30 Januari 1995

Dewey,

Nimekuuliza kuhusu mume wangu, umenijibu kuhusu fimbo.

Nilifikiri kuichoma barua yako, lakini Leanne aliniwahi akaisoma. Akaisoma mara mbili. Kisha akatoka kwenda bandani, na nilipomfuata nilimkuta amepiga magoti upande wa kulia wa sitaha anapapasa. Ananiambia, "Mama, mkanda wa kulia haupo."

Nikamwambia labda askari wameutoa. Akasema askari wametuachia hata kopo la biskuti lililokuwa chini ya kiti, wachukue mkanda wa kufungia fimbo wa nini? Mkanda huo aliushona mwenyewe Agosti, alitoa kitambaa kwenye mkanda wa kiti cha lile gari la Buick la marehemu baba yangu. Sasa anasema ulikatika. Anasema ulikatika kwa sababu Ijumaa ile hakuukagua kama anavyoukagua siku zote. Nilikuandikia ana jambo moja linalomla, umemwongezea la pili.

Halafu akaniuliza swali, nami nakutumia kama lilivyo. "Kama mkanda haukuwepo, fimbo sita za Anko Dewey zilishikwa na nini? Mawimbi yaliyomtupa baba, mtu wa ratili mia mbili na kumi, yalishindwaje kutupa fimbo?" Alizihesabu mbele yangu. Zote kumi na mbili zipo, na hakuna hata moja iliyovunjika ncha.

Unasema hukumbuki. Unakumbuka soksi za waridi za mwaka themanini na saba, unakumbuka matishari yalikuwa mangapi. Dewey, unanificha nini? Kama unamficha Hollis, kama kuna neno alilisema la kukata tamaa nawe unataka kumsitiri, usimsitiri kwa gharama ya mtoto wake. Jana usiku alikunywa maji tu. Leo nilimsihi kwa machozi, akanywa maji na chumvi ya biskuti aliyoilamba kidoleni, akaniambia, "Tayari, mama, nimekula."

Jibu swali.

Glenda

*

Morgan City
8 Februari 1995

Shemeji Glenda,

Haya. Nitakwambia.

Ilikuwa kulabu. Ile kulabu ndogo ya kamba, inayoshika kwenye jaketi la kuokolea. Ilikuwa imelegea tangu kiangazi, Hollis alikuwa anasema ataibadilisha. Alijifunga kama kawaida yake. Wimbi lilipotupiga kulabu ikaachia, na kamba ikabaki kwenye swichi, ndiyo maana injini haikuzimika. Kwa hiyo hakuivua. Kwa askari nilisema vile kwa kuwa nilikuwa nimechanganyikiwa, nimelowa, na kijana mwenye kalamu alikuwa ananiuliza maswali mfululizo. Nilitaka anyamaze.

Mkanda niliutoa mimi mchana tulipobadilisha fimbo, nikaupoteza, labda uliingia majini. Haukukatika. Mwambie Leanne haukukatika, kazi yake ilikuwa nzuri. Na fimbo hazikuruka kwa sababu ndoana zangu zilikuwa zimenasa kwenye zulia, unajua ninavyopanga ovyo. Hollis mwenyewe aliniambia asubuhi ile, "Dewey, fimbo zako zimelala kama tambi."

Basi, imekwisha. Ilikuwa ajali ya kulabu. Tafadhali mtoto ale.

Dewey

*

Huntsville
22 Februari 1995

Dewey Ragsdale,

Naandika hospitalini, kwenye kiti cha plastiki, mguuni mwa kitanda cha Leanne.

Barua yako ilifika Ijumaa. Nilikimbia nayo mpaka bandani. Nilikuwa nacheka, Dewey, nilikimbia nikicheka na aproni ya kazini mwilini. Nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho, akaenda kuuchukua ule mfuko waliotupa askari, wenye saa ya Hollis na funguo zake na ile kamba nyekundu. Akaining'iniza kamba kwenye boriti ya banda. Akaning'iniza kwenye kulabu ndoo ya mchanga. Kulabu ikashika. Akaongeza ya pili. Ikashika. Akajining'iniza na yeye kwa mikono miwili, ikashika. Halafu akachukua tochi akalikagua zulia la kulia shubiri kwa shubiri, akaniambia hakuna uzi hata mmoja uliochomoka. Ndoana ikinasa zulia kwa kishindo kile lazima inyofoe.

Alikuja kukaa karibu nami. Kwa upole kabisa akasema, "Anko Dewey hajui kudanganya. Ametuhurumia tu. Mtu hakuhurumii hivyo kama hakuna kitu. Kwa hiyo ni kweli, mama. Baba aliivua."

Hayo ndiyo uliyotuletea na huruma yako.

Jumatatu saa nne asubuhi alikuwa ziwani. Pale tunapoteremshia boti, ndani ya maji mpaka kifuani, amevaa koti la baba yake la kuwindia, anatembea tu kwenda mbele. Februari, Dewey. Mzee Tully, anayeuza chambo pale, alimwona kupitia dirisha akamfuata na viatu vyake. Mzee wa miaka sabini na moja. Anasema alipomshika bega, Leanne alimwambia, "Samahani kukusumbua, bwana Tully."

Hapa wamemnyang'anya hata kamba za viatu. Wanamlisha kwa mpira wa puani. Nilimuuliza kwa nini, mwanangu, akasema, "Nilimwambia baba asirudi, nami nitawezaje kurudi nyumbani kila siku?"

Sikuulizi tena kama shemeji, na sikuandikii tena baada ya hii. Kama Hollis alitaka kufa, andika hivyo, nijue namfariji mwanangu kwa msiba gani. Kama hakutaka, andika kilichotokea, chote, leo hii, wala usinichagulie ninachoweza kukistahimili. Wataalamu wa hapa wanasema watamkalisha wiki mbili tatu. Baada ya hapo ni mimi na yeye na ziwa, dakika tisa kwa miguu kutoka mlangoni kwetu.

Glenda Pruitt

*

Morgan City
25 Februari 1995

Glenda,

Hollis hakuivua kamba. Mimi ndiye niliyemvua.

Nimeandika mstari huo nikatoka nje, nikarudi. Sasa nitaandika mpaka mwisho bila kuinuka. Soma mwenyewe kwanza, halafu mpe Leanne kama unaona vema. Mimi naomba umpe.

Kwanza kabisa, nafasi ile ilikuwa ya Leanne. Alhamisi nilikwenda kwenu wakati wewe uko kazini nikambembeleza Hollis. Tulikuwa wa tatu kwa pointi, tukipata samaki wazuri siku hiyo tunakwenda mashindano ya jimbo. Alisema, "Nimemwahidi mtoto." Nikamwambia mtoto ana miaka mingi mbele yake, mimi nina arobaini na tisa na sijawahi kwenda popote. Nilimng'ang'ania saa nzima. Alikubali ili ninyamaze, unajua hakuweza kumkatalia mtu mara tatu.

Jumamosi nilizipanga fimbo mimi, kwa kuwa Leanne aligoma. Zake Hollis alizipanga mwenyewe. Zangu nilizilundika, mashine juu ya mashine, ndoana zinaning'inia, nikabana mkanda juu nikasema twende. Hapo ndipo aliposema zimelala kama tambi. Hilo halikuwa uongo.

Saa saba na dakika arobaini samaki walitokea karibu na daraja la reli, wanaruka, maji yanachemka. Fimbo niliyoitaka ilikuwa chini kabisa. Ndoana tatu zilikuwa zimeingia kwenye kifungo cha mkanda. Hollis akaniambia, "Fungua taratibu, hiyo ni kazi ya mwanangu." Samaki walikuwa pale pale, Glenda. Nikatoa kisu nikaukata.

Tulipata watatu wakubwa. Tulipiga kelele kama watoto. Halafu akageuka akauona mkanda. Akasema, "Utakwenda kumweleza wewe. Mimi simo." Akaniambia na hili, nami nimelibana tumboni mwangu toka siku hiyo, ingawa si langu: "Mwakani nakwenda na binti yangu hata tukishika mkia. Leo nikifika nyumbani nitamwomba radhi kabla sijavua viatu. Ameniambia nisirudi. Ana haki, ningekuwa yeye ningerusha na sufuria." Alicheka aliposema sufuria. Alikuwa anarudi nyumbani, Glenda. Alikuwa anawaza hicho tu.

Saa nane na dakika thelathini na tano tulikuwa bado maili kumi kutoka kwenye mizani ya kupimia samaki, na saa tisa kamili wanafunga. Fimbo zangu sita zilikuwa huru. Hollis akasema tuzitie sandukuni moja moja, tutoe ndoana kwanza. Dakika kumi. Nikasema tutachelewa, wataturudisha mikono mitupu. Nikatafuta kamba yoyote, hakuna. Nikanyoosha mkono nikaifungua ile kulabu kifuani kwake.

Alinikamata kifundo cha mkono. Akasema, "Dewey, hiyo usiiguse."

Nikamwambia, "Ni robo saa tu. Utaanguka wewe? Wewe?"

Tulitazamana. Akatazama saa. Akaniachia mkono. Kidude cha akiba, kinachokaa kwenye swichi badala ya kamba, alikichomeka mwenyewe ili injini iwake, na uso wake haukuwa na furaha. Alifanya hivyo kwa sababu nilimng'ang'ania, kama Alhamisi. Nikaizungusha kamba kwenye fimbo zangu mara tatu, nikaishikiza kulabu kwenye pete ya sitaha. Ilishika vizuri sana. Leanne ameuliza swali ambalo askari wote wale hawakuliuliza, na jibu lake ndilo hilo.

Matishari tulikutana nayo kwenye kona. Mawimbi mawili tuliyapita. La tatu lilituinua, nami nikajikuta sakafuni na kiti chake kikiwa kitupu. Usukani ulijikata wenyewe kulia. Nilisikia sauti ya injini ikizidi, nikawa nasubiri ife. Nilisahau. Haki ya Mungu, Glenda, kwa pumzi mbili tatu nilisahau, nikawa nasubiri ife. Haikufa, kwa kuwa kamba ya kuiua ilikuwa imezishika fimbo zangu.

Mzunguko wa kwanza ulimkosa. Alikuwa ameinua mkono, ananionyesha swichi. Alitaka kuishi. Nilikuwa natambaa kuelekea kwenye usukani na boti inanitupa ubavuni. Wa pili sitauandika.

Nilipoizima nilimvuta nikampandisha. Nilimshika mpaka mashua ya askari ilipoonekana mbali. Na hapo, nikiwa na damu yake mikononi, nilitambaa mbele nikaifungua kamba kwenye fimbo nikaitupa chini ya kiti. Mkanda niliutia mfukoni. Yule kijana mwenye kalamu akaniuliza kamba ilikuwa wapi, nikasema maneno mawili. Sikufikiri yataandikwa chini ya jina lake yabaki hapo. Nilifikiri nimejiokoa tu.

Yalipoanza kusemwa kanisani niliyasikia. Ndiyo sababu niliondoka. Sikuja Louisiana kutafuta kazi, kazi ya kuchomelea ipo hata huko Decatur, jirani na kwenu. Na ulipoandika kwamba Leanne anadhani mkanda wake ulikatika, niliona nikisema kweli nitamtoa kwenye shimo moja nimtie kwenye jingine, la kugoma kuzipanga fimbo. Hayo ndiyo niliyojiambia. Kweli yenyewe ni kwamba nilikuwa muoga.

Sina haki ya kuaminiwa tena, kwa hiyo nimeweka mkanda ndani ya bahasha hii. Leanne ni mshonaji. Autazame ulipoishia. Kitambaa kikikatika chenyewe kinaacha nyuzi ndefu na fupi. Huu umenyooka.

Dewey

*

Huntsville
9 Machi 1995

Dewey,

Mama alikaa na barua yako siku tatu kabla ya kunipa. Amenionyesha alipokuwa ameikunja na kuikunjua mpaka karatasi imechanika. Ananiambia nisubiri hasira ishuke ndipo nikuandikie. Sitaki ishuke.

Nimeutazama mkanda. Muuguzi alisimama karibu kwa sababu hawaniruhusu kushika kitu kirefu peke yangu. Umekatwa kwa kisu, mara moja, kutoka juu kwenda chini, na kisu kilikuwa butu kidogo mwishoni. Kushona kwangu kote kumeshika. Nilivuta mbele ya muuguzi kwa nguvu zangu zote, ingawa si nyingi. Kwa hiyo nakuamini safari hii.

Nilisoma ule mstari wa sufuria mara nyingi kuliko mistari mingine yote. Baba angesema hivyo hivyo. Huwezi kuutunga wewe.

Sitakuita anko. Ulikaa kwenye nafasi yangu, ukakata mkanda wangu, ukamvua baba yangu kamba, ukaniacha miezi minne nikidhani ni mimi. Nilikuwa nalala nikilirudia neno langu. Uliposoma barua ya kwanza ya mama ungeweza kuandika mstari mmoja tu. Badala yake ukaniambia nilegeze uzi kwenye mashine! Niliulegeza. Nilizilegeza zote kumi na mbili kama mjinga, nikifikiri kuna mtu mzima anayenijali.

Nakuchukia. Tangu Novemba nilikuwa na mtu mmoja tu wa kumchukia, na alikuwa mimi, na nilikuwa nimechoka naye sana. Jana wamenitoa ule mpira wa puani. Nilimwambia mama nataka mkate wa mahindi, aubomoe ndani ya maziwa mgando kama wa nyumbani, akaenda kulia kwenye korido ndipo akauleta. Nilikula nusu bakuli nikatapika. Leo asubuhi nimekula tena, hakikutoka.

Sasa nakwambia unachotakiwa kufanya. Karatasi ya askari bado inasema aliivua mwenyewe. Mama hawezi kuifuta wala mimi siwezi. Inabidi uje Scottsboro, uende ofisini kwao kwa miguu yako, useme uliyoniandikia, na wakikufunga wakufunge. Halafu Jumapili usimame kanisani. Usisome kwenye karatasi. Uwatazame wale wote walioshusha sauti mama yangu akipita, useme nani alivua, na useme alikuwa ameinua mkono. Hilo usiliruke. Useme alikuwa anarudi nyumbani.

Daktari wa hapa huniuliza kila asubuhi kama kuna kitu nakisubiri, na kila asubuhi nilikuwa nikitikisa kichwa. Leo nilimwambia kipo. Akaandika kwenye daftari lake haraka haraka, hata hakuniuliza ni nini.

Njoo kabla ya Pasaka. Nataka niwepo siku hiyo.

Leanne Pruitt